Meno ya kahawia tangu utoto: niweke vinia au niyaache?

Binti_Singida
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 29, nimekulia Singida vijijini, sasa naishi Nkuhungu, Dodoma, na nafanya kazi Mtumba, mapokezi. Mnaotoka kwetu mnayajua maji ya kisima chetu: hayana harufu wala ladha mbaya, lakini darasa zima tulikuwa na michirizi ya kahawia kwenye meno. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Meno yangu nimeanza kuyaona nilipohamia mjini. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliniuliza, tena kwa upole, "Dada, unavuta sigara?" Sijawahi hata kuishika.

Sendofu ni Desemba. Picha zote za kuvishwa pete nimefumba mdomo kama naficha peremende. Nikaenda kliniki moja hapa mjini, sijakaa kitini hata dakika kumi nikaandikiwa vinia nane za juu (vile vigamba vyembamba vya kubandikwa mbele ya jino), laki tatu na nusu kila jino. Milioni mbili na laki nane! Zamu yangu ya mchezo kazini ni Oktoba, kwa kubanabana itatosha. Mchumba anasema nisiguse kitu. Mama mdogo ndiyo kabisa: "Mahari imeshapokelewa, unamrembea nani tena?" Ila anayeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka ni mimi, si wao. Mlioweka, hamjuti? Nawasilisha.

Mzee_wa_Usa
Pole mdogo wangu. Mimi ni wa Meru, meno kama hayo hayo. Niliweka sita mwaka 2017. Nisichoambiwa ni kwamba jino linasagwa kwanza, na kilichosagwa hakirudi. Vikichakaa unaweka vingine, hivyo hivyo hadi uzeeni. Kimoja kilibanduka nikitafuna muwa stendi. Siku tatu nikabaki na kijino kama kisiki, chai ikikigusa naruka. Sijuti sana, lakini ningekuwa na miaka yako ningeanza na kidogo.

Koleo
Mimi ni daktari wa meno, siko Dodoma, na siwezi kukupangia tiba bila kukuona. Hiyo inaonekana ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji. Ikizidi kwenye maji mtoto anapokuwa chini ya miaka minane hivi, huharibu enameli (ganda gumu la nje la jino) ikiwa bado inajengwa, ndiyo maana mlifanana darasa zima. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vinapita hapo. Doa liko ndani ya jino lenyewe, kwa hiyo ndimu, mkaa na magadi vitakulia enameli bure.

Pitisha ukucha juu ya jino. Ukikwama kwenye vishimo, huenda ukahitaji kujaziwa au hizo vinia. Likiwa laini, mara nyingi tunaanza kwa kuondoa ugaga, kisha kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa ya asidi na unga laini. Kung'arisha kwa peroksaidi kunafuata: meno yanaweza kusisimka siku chache, na madoa meupe huonekana zaidi mwanzoni, usishtuke. Na huyo wa dakika kumi muulize, kwa nini nane?

Shangazi_Kizota
Una mwanya? Kama unao, sema mapema! Wifi yangu aliwekewa vinia, mwanya ukazibwa bila kuulizwa. Mama yake alimwangalia mlangoni akasema, "Huyu nani?"

Binti_Singida
Shangazi, mwanya ninao na hauguswi 😂

Mrejesho. Ukucha haukukwama. Jumamosi nikaenda kwa daktari mwingine, wa kike, ana maswali kama karani wa sensa. Akaondoa ugaga (sehemu ya weusi karibu na fizi ilikuwa huo tu, aibu yangu), halafu akasugua jino moja, la mbele kushoto, akanipa kioo. Lile la kulia rangi ya chai ya rangi, hili rangi ya chai ya maziwa. Si jeupe kama la matangazo. Ni la kwangu, limenawa uso.

Mchumba ilibidi nimwoneshe kwa kidole ndipo alione. Mama mdogo aliliona nikiwa bado getini. Meno matatu mengine ni wiki ijayo. Pesa ya mchezo nimeshaanza kuiulizia bei ya mbuzi.