Naombeni ushauri: nimeambiwa niandike kila usiku, ila naogopa kusomwa

Binti Tukuyu:

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 33, nina mume na watoto wawili. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu baada ya kuugua kiharusi karibu miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza hapa kwangu. Tangu tumzike, kila usiku saa nane nashtuka, na nikishashtuka silali tena. Narudia yale yale: dozi niliyochelewa kumpa, maneno aliyonitupia dada yangu mkubwa siku ya kuanua matanga. Darasani nasimama mbele ya watoto nimesahau nilichokuwa nafundisha.

Nimepimwa, presha iko sawa. Nikapelekwa kwa mshauri nasaha, akanisikiliza vizuri, mwisho akasema ninunue daftari, kila usiku niandike yaliyo moyoni. Nimenunua kaunta buku. Ni wiki ya tatu lipo kabatini, halina hata tarehe.

Kinachonizuia ni hiki. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa naandika. Kaka yangu akalikuta daftari chini ya godoro akalisoma kwa sauti sebuleni, baba yupo, mama yupo, na wageni wawili wa kanisani. Alipofika kwenye habari za kijana niliyempenda, wote wakacheka. Mama peke yake hakucheka. Aliinuka akamnyang'anya, akanirudishia bila neno. Usiku ule ule nililichoma jikoni, na tangu hapo sijaandika kitu cha moyoni.

Waliowahi kuandika naomba mnieleze: inasaidia kweli? Na mnaficha wapi? Mume wangu ni mtu mwema, ila yaliyo kichwani mwangu yanagusa ndugu zake na ndugu zangu. Yakionekana, nyumba haitakalika.

Kaka Mkubwa:

Pole sana dada kwa msiba. Kumuuguza mzazi miaka miwili si kitu kidogo, Mungu ameona. Anza na sala, halafu andika.

Muuguzi wa Zamu:

Pole mwalimu. Huyo mshauri hajakupa kazi ya kukupotezea muda. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichukua wanafunzi 46 wa chuo, wakawaandikisha dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine tukio lililowaumiza zaidi maishani. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Walioorodhesha yaliyotokea bila kugusa hisia hawakupata faida hiyo.

Sasa shika hili, maana ndipo wengi wanapokata tamaa: wakitoka kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Kwa hiyo ukilia usiku wa kwanza, usiseme dawa imekataa. Andika kwa dakika hizo hizo 15, weka hata saa ya simu ikiite, kisha funga. Usihangaike na sarufi (najua kwa mwalimu ni vigumu).

Na kwa huko kushtuka saa nane, nakushauri uandike mapema jioni yale mazito, usiyaandike ukiwa tayari kitandani. Ukikaribia kulala, andika kitu kingine kabisa: kazi za kesho. Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas walijaribu hili kwa vijana 57, utafiti ukatoka 2018. Walioandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo walipata usingizi haraka kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Kichwa kinakesha kwa sababu kinaogopa kusahau.

Ukiona wiki zinapita usiku haubadiliki, au unafikia kutamani usingekuwepo, usingoje tarehe ya kliniki. Rudi kwa yule mshauri nasaha siku hiyo hiyo.

Mkulima Njombe:

Mimi naomba nieleze ya baba yangu. Hakuwa msomi, darasa la nne tu, lakini alikuwa na daftari aliloliweka kwenye debe la mahindi lisiliwe na panya. Alipofariki tukalifungua. Miaka na miaka ya mvua: imeanza lini, imekatika lini, viazi gunia bei gani, ng'ombe kazaa, nani anadaiwa mbolea. Nilikuwa naperuperusha haraka, nikatafuta mwaka niliotoka nyumbani kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Siku ile tuliagana vibaya. Hakunisindikiza, na kwa miaka yote nilijua hakujali.

Tarehe ile ameandika hivi: "Mvua hakuna. Kijana kaondoka na basi la alfajiri. Nimesimama kwenye miti mpaka taa zimepotea." Basi. Mstari unaofuata ni bei ya maharage.

Sikuweza kusimama pale nilipokuwa nimekaa. Ile miti naijua, iko juu ya barabara, mtu akisimama pale aliye ndani ya basi hamwoni. Dada yangu mwalimu, andika. Una watoto wawili. Huwezi kujua mstari upi atakuja kuuhitaji nani.

Bi Mkubwa wa Pwani:

Mwanangu, pole. Mimi nilikaa Muscat miaka minne nikifanya kazi za nyumba. Mchana kutwa nasema Kiarabu cha kubahatisha, usiku nikiingia chumbani naandika Kiswahili changu cha Mombasa, ukurasa mmoja, nijisikie mimi ni mtu mwenye maneno. Bibi mwenye nyumba alikiona kile kitabu mara nyingi, hajui kukisoma, hana habari nacho. Hapo ndipo nilipojifunza: siri si lazima iwe kufuli. Wewe una lugha ya mama yako. Kama mumeo si mtu wa Tukuyu, andika kwa lugha hiyo. Majina ya watu usiyataje, mpe kila mtu jina la ndege au la mti, wewe utajua. Na yale makali kupita kiasi yaandike karatasi ya kando, ukimaliza uichome. Kuyatoa ndio kazi, si lazima uyatunze.

Fundi Seremala:

Naongeza tahadhari kidogo. Mimi niliandika baada ya kuachana na mke wangu. Mwezi mzima. Siku moja nikasoma kuanzia mwanzo, kila ukurasa ni mashtaka yale yale dhidi ya mtu yule yule, sijasogea hata hatua. Nilikuwa nachimba shimo palepale. Kilichonisaidia ni kuandika tukio moja kama angelisimulia yeye. Iliniuma, nilipasua karatasi mbili, lakini ya tatu niliimaliza na kuna kosa langu nililiona humo kwa mara ya kwanza. Hayo maneno ya dada yako mkubwa, jaribu siku moja kuyaandika ukiwa umekaa upande wake. Si leo. Baadaye.

Binti Tukuyu:

Wapendwa nimerudi, leo ni siku ya kumi. Asanteni wote, nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja. Mkulima, ya baba yako nilimsomea mume wangu kwa sauti.

Usiku wa kwanza niliandika mistari mitatu nikalia, nikafunga. Wa pili nikaandika ile dozi: saa ngapi ilitakiwa, saa ngapi nilimpa, na kwa nini. Kumbe nilichelewa kwa sababu nilikuwa nambadilisha shuka, na nikishambadilisha alinishika mkono akataka nikae. Hiyo sehemu ilikuwa imenitoka kabisa. Nilikuwa nimebaki na saa tu.

Usingizi bado haujatengemaa, ila siku tatu hizi nimeamka saa kumi badala ya saa nane. Orodha ya kazi za kesho naiandika nyuma ya daftari. Naandika kwa Kinyakyusa, Bi Mkubwa, na dada yangu nimempa jina la mti. Ya Fundi bado sijayaweza.

Kuhusu kuficha: nilimwambia mume wangu yote, pamoja na ya kidato cha pili ambayo hakuwahi kuyasikia. Nikataka kumwonyesha ninapoliweka ili asije akadhani namficha jambo. Akasema, "Usinionyeshe. Nisipojua lilipo, hata siku tukigombana sitaweza kulitafuta." Kisha akaenda kuwalaza watoto ili nipate zile dakika 15.