Tupeane uzoefu: kempa ya pikapu, vikorombwezo gani uliweka na vipi unajutia?

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Tabata, nina Hilux dabo kebini, katikati ya wiki inabeba mizigo ya kazi na wikiendi ndio ya familia. Baada ya kudunduliza muda mrefu nimeamua kutengenezewa kempa, yaani kale kanyumba kanakokaa nyuma ya pikapu, mnalala humohumo mnapika humohumo, mkifika Saadani au Lushoto hamhangaiki na gesti. Fundi yupo hapahapa mjini, ameshapima gari, tumeelewana bodi la aluminiamu. Shida imeanza aliponipa karatasi ya vikorombwezo akaniambia bosi tiki unachotaka, Ijumaa niletee nianze kukata. Aisee ile karatasi ina vitu ishirini na kitu, AC, friji, sola, betri ya pili, tenki la maji, hita, jiko la kujengea, choo, turubai la kivuli, ngazi, jeki nne za kushushia kempa, taa za nje, mpaka tivii. Juzi usiku nimekaa na mama watoto tukatiki karibu vyote. Asubuhi nikachukua kalamu nikajumlisha kilo, nikashtuka.

Yangu inabeba kama tani moja, na watu wamo humohumo kwenye hiyo tani. Kempa tupu fundi anakadiria kilo 420. Sisi wanne 260. Tenki la lita 120 likijaa ni kilo 120, maji lita moja kilo moja hakuna mjadala. Betri mbili za asidi 60, AC 35, friji na vilivyomo 45, mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa pamoja na chuma chake 13, jeki na turubai 90. Hapo ni 1,043 na sijaweka godoro, sijaweka sufuria, sijaweka begi la nguo hata moja.

Kwaio lazima nikate. Ila kuna kitu kimoja sitaki kukosea. Mwaka jana Februari jamaa yangu aliniazima kempa yake tukaenda Bagamoyo, ilikuwa nzuri kwa macho, ina AC ya jenereta, ila madirisha yake ni vioo vya kugandisha havifunguki. Usiku jenereta ikagoma. Joto la Februari mnalijua, hakuna upepo, watu wanne kwenye kachumba ka mita mbili. Shuka lilikuwa limelowa kama limetoka kufuliwa, katoto kangu ka mwisho nikakapepea kwa kifuniko cha hotpoti mpaka saa kumi alfajiri, kakilala nikiacha kupepea kanaamka. Sitaki hiyo kitu itokee tena. Naombeni uzoefu wa kweli, ulichoweka, unachokitumia, na ulichong'oa.

*Mdau wa Kigamboni*

Mkuu umefanya vizuri kupiga hesabu kabla, mi nilipiga baada. Yangu ina mwaka wa tatu sasa. Nikupe siri ya kupima, usiamini makadirio ya fundi, kempa ikiisha nenda kwa wanaonunua vyuma chakavu wenye mizani kubwa ya gari, waombe, unawapa hela ya soda. Panda na gari zima upate jumla, halafu rudi panda tairi za mbele peke yake, halafu za nyuma peke yake. Yangu fundi alisema 400, ikaja 515, kisa ndani alitumia mbao za mninga. Mninga mzuri lakini mzito jamani, mwambie atumie plaiwudi nyembamba isiyokufa kwa maji.

Hiyo ya kupima mbele na nyuma ndio ilinifumbua macho. Tenki langu la maji lilikuwa limewekwa nyuma kabisa chini ya mlango, tulivyokuwa tunapanda mlima Kitonga usukani ukawa mwepesi kama gari inataka kunyanyua pua, naukata kidogo gari inachelewa kuitika, na malori yanashuka mbele yangu. Niliporudi nikahamisha tenki na betri vikae mbele, nyuma ya kebini, chini kabisa, gari ikarudi kuwa gari. Uzito mkubwa usivuke eksel ya nyuma, hiyo mwandikie fundi kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Na watakwambia ongeza bledi za springi utabeba zaidi. Springi inanyanyua tu gari isilale, breki ni zilezile, eksel ileile.

Kikorombwezo ambacho hutojuta ni jeki nne. Gari yangu inabeba saruji Jumatatu, sasa bila jeki kempa ungeitoaje? Nashusha dakika ishirini, chini ya miguu naweka vipande vya mbao kwa sababu mchanga wa huku Kigamboni unameza, natoka na pikapu tupu. Kingine ni chumvi. Sisi watu wa pwani aluminiamu haipati kutu ile nyekundu lakini ikigusana na bolti za chuma na hewa ya bahari inakuwa na unga mweupe inaliwa taratibu, sema aweke mipira katikati na bolti za stenlesi.

*Dada wa Tegeta*

Mimi nitaongea kama mama. Choo kaka. Kila kitu katisha lakini choo usikikate. Najua wanaume mnaona ni anasa kwa sababu nyie mnasimama popote. Tulilala kempsaiti ya Mikumi, ile haina uzio, binti yangu saa nane usiku anataka kwenda na nje tunasikia majani yanakatwa, kuja kumulika tembo yuko kama hatua ishirini anakula zake. Choo chetu ni kale kadogo ka kubeba, kana tanki la chini unalichomoa kwa mpini unaenda kulimwaga kwenye choo cha kawaida. Kakiwa katupu hakafiki hata kilo sita. Huhitaji kujengewa chumba, kanakaa chini ya kochi na pazia.

La pili nawaombeni sana mlishike. Lushoto mwezi wa saba baridi kali, mume wangu akaingiza jiko la mkaa ndani likiwa limeshakolea halina moshi, eti litupashe joto, tukafunga madirisha. Nikaanza kuumwa kichwa kama kinapigwa nyundo, nikamwangalia mtoto namwita anaitika kwa mbali kama mlevi. Nikafungua mlango kwa mguu nikamvuta nje. Mkaa usio na moshi bado unatoa ile hewa yenye sumu ambayo hainuki wala haionekani. Tangu siku hiyo tunabeba mablanketi mazito tu. Hita sikushauri, kwa safari moja ya Lushoto kwa mwaka unabeba uzito wote huo?

*Mdau wa Buguruni, kazi yangu ni umeme wa magari*

Boss ngoja tuongee amp. Friji ndogo ile ya 12V lita hamsini ikiwaka inakula kama amp 4, na kwa joto la Dar haipumziki sana, kwa siku tumbo lake ni kama amp-saa 50. Betri ya asidi ya amp-saa 100 unaruhusiwa kula nusu tu, ukizidisha unaiua. Kwaio betri moja ni siku moja na friji, basi. Lithiamu ya 100 unaila asilimia 80 hadi 90, na ina kilo 12 hivi badala ya karibu 30. Bei yake inauma lakini ww umesema tatizo lako ni kilo, mbili za asidi ni 60, moja ya lithiamu ni 12, umeokoa 48 na umeme unaotumika unakaribia kulingana.

Sola weka wati 200, jua zuri litakurudishia kile friji ilichokula na chenji ya taa na simu inabaki. AC kwa betri sahau. AC ndogo ni kama wati elfu moja, kwenye 12V ni zaidi ya amp 80, betri ya lithiamu ya 100 inakufa ndani ya saa moja na kidogo. Ukitaka AC unataka jenereta, na jenereta ni petroli, ni kelele, ni kilo nyingine 20, na ndio hiyohiyo iliyokugomea Bagamoyo. Feni ya darini inayovuta hewa inakula amp 2 au 3 tu usiku mzima iko kazini.

Halafu waya. Gari moja ililetwa kwangu, fundi wa bodi alivuta waya wa betri ya pili kutoka mbele mpaka nyuma, mita sita, kwa waya mwembamba wa taa, bila fyuzi. Mwenye gari anasema alisikia harufu ya plastiki akadhani ni gari la mbele yake. Nilivyofungua kapeti ule waya umeyeyuka umeshikana na bodi, mpira wote umekuwa kama gundi nyeusi, na sentimita kumi kutoka hapo ndio mpira wa gesi unapita. Waya mnene, milimita 16 za mraba kupanda juu, fyuzi karibu na betri pande zote mbili, na rilei ya kutenganisha ili friji isimalize betri ya kuwashia gari. Usimwachie fundi wa bodi umeme.

Na gesi pia kwa kuwa nimeigusa. Gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni haipandi juu. Kabati la mtungi liwe na tundu CHINI linalotoka nje. Kila ukibadili mtungi pakaa povu la sabuni kwenye koki na maungio, ukiona mapovu yanavimba usiwashe.

*Mdau wa Mikocheni*

Naongezea kwa wanaotamani kuagiza kempa iliyokamilika kutoka Marekani, mimi nilifanya. Ubora upo, siwezi kudanganya. Ila kule umeme wao ni volti 120 na hertz 60, sisi 230 na 50. Maikrowevu, AC, chaja ya betri, vyote vya kwao. Nilinunua transfoma ya kushushia umeme, kilo nyingi na inaunguruma usiku kucha. Mwishowe nimeng'oa vyote nimebaki na vitu vya 12V tu, na hivyo ndio vinafanya kazi popote. Koki za mtungi wa gesi nazo haziingiliani na mitungi yetu. Na turubai la kivuli liko kulia, kwao ni upande wa pembeni mwa barabara, kwetu ukiegesha linafungukia magari yanapopita. Kitu kimoja kizuri cha kwao, kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu zao kuna stika imeandikwa gari hii inabeba kiasi gani pamoja na watu, huna sababu ya kubahatisha.

*Mdau wa Kimara*

Ya kwangu fupi, matundu ya juu. Nilitaka feni mbili, kioo cha kuangalia nyota, antena, na nyaya za sola, fundi akatoboa yote akaziba kwa silikoni ya kawaida ya aluminiamu za madirisha. Masika ya kwanza tu, Aprili, tone linatua paji la uso, nikahamisha kichwa likanifuata. Kila tundu la juu ni mlango wa maji siku moja. Toboa moja tu, liwe la feni, na atumie ile gundi ya vioo vya mabasi inayobaki laini kama mpira.

*Mimi tena, mwenye uzi*

Wakuu na dada wa Tegeta, Mungu awabariki. Nimesoma yote mara mbili na mama watoto pembeni. AC tumeifuta yeye mwenyewe ndio kashika kalamu. Tivii imefutwa, hita imefutwa, jiko la kujengea limefutwa, tunapikia nje chini ya turubai na turubai liwe kushoto, watoto walale wanakoangalia moto. Tenki nimeshusha lita 60 na madumu mawili matupu, tunajaza tukikaribia tunakoenda. Betri lithiamu moja, sola 200, friji imebaki, jeki zimebaki, kale kachoo ka kubeba tunakanunua wenyewe Kariakoo, hakamo kwenye karatasi ya fundi. Plaiwudi badala ya mninga. Hesabu mpya na godoro na nguo na sufuria zimo inakuja kama 930, nikipima kwenye vyuma chakavu ntaleta majibu.

Ila nilichosisitiza kuliko vyote ni hewa. Leo mchana nimeenda gereji nimelala chini kabisa kwenye sakafu ya kempa, bado ni fremu tupu, nikamwambia fundi achore kwa chaki pale kichwa changu kilipo na pale kichwa cha mtoto kitakapokuwa. Madirisha mawili yanayofunguka yote, yenye wavu wa mbu, yanatazamana, usawa wa vichwa na sio usawa wa mtu aliyekaa, na feni ya kuvuta juu ya miguu. Fundi alisema hajawahi kuweka dirisha chini hivyo, nikamwambia we weka. Kachora mstari wa chaki kwenye aluminiamu, sentimita 15 kutoka godoro litakapoishia. Kesho anakata.

Kama kuna mtu ana feni ya darini ya kuvuta hewa ambayo imemaliza hata masika mbili haijavuja, aniambie aliipata duka gani.