Kwa nini waandishi hawakwenda Bethlehemu?

Swali: Ndugu zangu, katika Mathayo 2 makuhani wakuu na waandishi, yaani walimu wa Sheria ya Musa, walimjibu Mfalme Herode kwamba Masihi atazaliwa Bethlehemu, mwendo wa kilomita 9 hivi kutoka Yerusalemu. Mbona mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mbali, ndio walioondoka kumtafuta, wao wakabaki?

Jibu: Unabii wa Mika 5:2 kuhusu Bethlehemu walikuwa nao kichwani, walichokosa ni shauku. Tena katika Yohana 7:52 Mafarisayo wanamwambia mwenzao Nikodemo kwamba Galilaya hakutoki nabii, ilhali nabii Yona alikuwa wa Gath-heferi, huko huko Galilaya!

Jibu: Naomba kutofautiana kidogo. Yohana 11:48 inaonyesha kwamba wakuu waliogopa kwamba wakimwacha Yesu aendelee, Warumi wangewaondolea mahali pao na taifa lao, na hofu hiyo haikuwa ya kubezwa. Wala si wote waliomkataa: Yusufu wa Arimathaya alikuwa mjumbe wa baraza la Wayahudi.

Muulizaji: Ahsanteni. La Yona sikuwa nimeliona.