Muhula wa kwanza katika chuo cha mitindo na mavazi: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote. Kila msimu wa kujiunga na vyuo, vijana huuliza maswali yaleyale kuhusu masomo ya mitindo na mavazi, na mara nyingi hujibiwa na watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya meza ya kukatia. Naomba waliopitia watusimulie muhula wao wa kwanza: waliingia na nini wakidhani kinatosha, na nini kiliwakuta. Nitaanza mimi.

Niliingia chuoni na daftari nene la michoro, nikiamini kwamba anayejua kuchora amekwisha kuwa mbunifu. Wiki ya pili mkufunzi alitutaka kila mmoja aweke mchoro mmoja mezani, nami nikaweka gauni nililolipenda kuliko yote: shingo imefunga hadi kidevuni, kiuno kimebana, mikono imebana hadi viganjani. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mvaaji anaingilia wapi?" Sikuwa nimeweka zipu, wala vifungo, wala mpasuo popote. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na kosa hilohilo. Alinipa karatasi nyingine na kuniagiza niichore nguo hiyo kwa mistari mitupu, mbele na nyuma, bila mwili ndani yake, nikionyesha kila mshono, kila kifungo na upana wa upindo kwa sentimita. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu, na gauni lililobaki mwishoni halikufanana sana na lile la mwanzo. Mchoro wa namna hiyo ndio unaopelekwa kwa washonaji, maana anayeshona huenda asikutane na mbunifu hata siku moja, na pale ambapo mchoro umenyamaza yeye hulazimika kukisia.

Subana

Nashukuru kwa mada hii. Mimi niliingia kwa mlango mwingine kabisa, kwani nilikuwa fundi cherehani kwa miaka saba kabla ya kuomba nafasi ya masomo. Nilikuwa nimezoea kutandika kitambaa, kupiga chaki kwa macho na kukata, na wateja wangu waliridhika. Kwa hiyo tulipoambiwa tuanze kwa kuchora violezo kwenye karatasi, yaani vipande vya karatasi vya kufuatisha wakati wa kukata kitambaa, tena kwa kipimo kidogo cha 1 kwa 4, robo ya ukubwa halisi, niliona tunapotezewa muda.

Kilichonibadilisha ni mkono wa blauzi. Nilikata mikono miwili safi, nikaiunga, nikaivalisha sanamu ya kujaribia nguo, na yote miwili ikavuta kuelekea nyuma huku kitambaa kikijikunja mbele ya bega. Nilifumua na kushona upya mara tatu. Mkufunzi alipokuja hakugusa cherehani. Alifungua mshono mmoja tu na kunionyesha kwamba nilikuwa nimeunga mkono wa kulia upande wa kushoto. Kwenye kiolezo changu sikuwa nimeweka vijikato vya kulinganishia, ambavyo kwa kawaida huwa kimoja upande wa mbele na viwili upande wa nyuma, ili mshonaji asikosee hata akiwa amechoka. Nilipokuwa nashona nguo moja moja, alama hizo zilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu hakiwezi kusafiri pamoja na kiolezo.

Siku hiyo pia ndipo nilipojua kwa nini mikono yangu ya miaka yote ilikuwa ikikaza kidogo begani. Mzingo wa sehemu ya juu ya mkono unapaswa kuzidi kidogo mzingo wa kwapa, katika blauzi ya kawaida kama sentimita 2 hadi 4, na ziada hiyo hulazwa polepole kwa vidole na kupigwa bandi kabla ya kushonwa, bila kutengeneza marinda. Mimi nilikuwa nikiikata ziada hiyo na kuitupa, nikidhani ni kosa la vipimo.

Kwa mafundi wenzangu wanaofikiria kusoma, nawaomba msione haya kurudi kwenye karatasi. Wepesi wa mkono mtabaki nao.

Uzi Mweupe

Kisa changu ni kifupi. Kitambaa changu kilikuwa kidogo, nikageuza vipande viwili vya sketi kidogo upande ili vyote vienee. Sketi ilipendeza mezani, lakini nilipoivaa na kutembea hatua chache, mshono wa ubavuni ulikuwa umezunguka hadi mbele ya goti. Sikujua kwamba mstari ule mrefu wenye mishale kwenye kiolezo ni amri, na kwamba unapaswa kwenda sambamba na nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa. Aliye na kitambaa kidogo afadhali abadili mtindo wa sketi kuliko kupindisha mkao wa kiolezo.

Jambo lililonifariji ni somo la historia lililofuata, ambapo tulisoma habari za Madeleine Vionnet wa Paris, aliyesifika katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kukata vitambaa kwa hanamu, yaani kwa pembe ya digrii 45, ili nguo inyumbuke na kuufuata mwili. Alijaribu mitindo yake kwanza kwenye sanamu ndogo ya mbao. Yeye aliupindisha uzi kwa kujua atapata nini.

Meza ya Kukatia

Naomba niongeze kuhusu siku za tathmini, kwa sababu ndizo zinazowakatisha vijana tamaa. Unasimama na kazi yako mbele ya darasa zima, na wakufunzi wanaisema wazi. Muhula wa kwanza nililia chooni baada ya kuambiwa kwamba koti langu ni "mchoro uliovalishwa sanamu". Rafiki yangu alinifundisha kubeba daftari dogo na kuandika kila neno bila kujibu, kisha kuyasoma maneno hayo kesho yake. Kesho yake niliona kwamba walichokuwa wakisema ni kitu kimoja: nilikuwa nimeruka hatua ya kushona koti la majaribio kwa merikani, nikakata moja kwa moja kitambaa chenyewe.

Tangu hapo nilianza kupenda majaribio kuliko nguo iliyokamilika, na leo kazi yangu ni kutengeneza violezo, si kubuni. Chuo ndicho kilichonionyesha kwamba kazi hiyo ipo na inaheshimika. Anayeingia asijifunge mapema kwenye neno mbunifu.

Mgeni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naanza masomo hivi karibuni na sijawahi kukalia cherehani hata mara moja. Niliyoyasoma hapa yamenitia hofu kidogo. Je, nitaachwa nyuma na wenzangu?

Subana

Marahaba, mdogo wangu. Katika darasa letu, waliokuwa hawajui kushona walinishinda mimi kwa unadhifu kufikia mwisho wa muhula, kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kuyavunja. Mashine za kiwandani zina kasi kubwa, nyingine hufikia mishono 5,000 kwa dakika, na ukiikanyaga pedali kama ya cherehani ya nyumbani itakukimbia. Usiogope. Zoezi letu la kwanza halikuwa na uzi wala kitambaa: tulipewa karatasi zenye mistari iliyonyooka, miraba na miduara, tukatoa uzi kwenye sindano, tukapitisha karatasi chini yake tukifuata mistari. Kwenye kona ya mraba unasimama sindano ikiwa imezama, unainua mguu wa mashine, unageuza karatasi, unashusha mguu, unaendelea. Ukimaliza, inua karatasi kwenye mwanga, utaona kwa vitundu ni wapi mkono wako ulipotoka. Omba karatasi nyingi kuliko wenzako.

Mgeni

Ahsante sana. Nitaanza na miraba.