MJADALA: Bastola ikianguka ikafyatuka, wa kulaumiwa ni aliyeiangusha au aliyeitengeneza?

Mlinzi_wa_Usiku (mwanzisha mada):
Wakuu habari za saa hizi. Hili jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, naomba tulijadili kwa utulivu. Mimi niko Texas, kazi yangu ulinzi, na zamu yetu tunabeba bastola. Wiki tatu nyuma nashuka kwenye gari saa tisa usiku, mkanda ulikuwa umelegea, bastola ikachomoka ikadondoka kwenye lami na risasi iko chemba, yaani tayari kupigwa. Haikufyatuka. Nilisimama pale miguu haina nguvu, baadae nikaiokota nikaendelea na kazi, ila toka siku hiyo kila nikipata muda nasoma habari za bastola zinazoanguka na kilichofanywa na walioziunda.

Kesi ninayotaka tuiangalie sio ya bastola yangu, hiyo ni ya kiwanda kingine kabisa. Ni ya P320, inayotengenezwa na kiwanda cha SIG Sauer. Hii bastola ilitoka 2014, na Januari 2017 jeshi la Marekani likaichagua iwe bastola yake mpya, ndo hizo wanaziita M17 na M18, mkataba wa mpaka dola milioni 580. Mwezi huohuo kule Stamford, Connecticut, askari polisi mmoja P320 yake ikaanguka ikiwa ndani ya mkoba wake wa bastola wa kiunoni, ikafyatuka, ikampiga mguuni. Agosti akafungua kesi. Mwezi huohuo wa Agosti polisi wa Dallas wakazisimamisha, na duka moja la silaha la Omaha likatoa video wanaiangusha P320 kwa pembe fulani, ikitua kwa kisogo, na ilikuwa inapiga. Kesho yake tu SIG wakatangaza kwamba watawafanyia wateja "maboresho ya hiari", bure.

Sasa hapo kwenye neno hiari ndo ninapokwama. Kwenye tangazo lilelile waliandika kwamba bastola ya jeshi, M17, haihusiki na hayo maboresho. Haihusiki kwa nini? Kwa sababu ilikuwa tayari na vyuma vyepesi kwenye triga, kile kifyatulio unachovuta kwa kidole! Ripoti ya ofisi ya majaribio ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, iliyotoka Januari 2018 ilieleza wazi kwamba kwenye jaribio la kuangusha, pini, kile chuma cha kufyatulia, iligonga risasi, na SIG wakarekebisha kwa kuweka vyuma vyepesi. Yaani mwanajeshi akapewa iliyorekebishwa, na yule wa dukani aliyelipa hela yake akaendelea kuuziwa ya zamani mpaka video ilipotoka. Msimamo wangu ni kwamba kiwanda kikishajua, kinatakiwa kimwambie mnunuzi siku hiyohiyo kwa lugha ya kueleweka, na serikali iwe na nguvu ya kukilazimisha. Nyie mnasemaje?

MzeeWaKambini:
Mwanangu pole kwa mshtuko, na nashukuru umeleta mada kwa heshima. Ila mimi nitakupinga. Nimevaa gwanda miaka 22, na kuruta wa wiki ya kwanza anafundishwa kwamba silaha haiangushwi. Ikianguka kuna adhabu, na adhabu ipo kwa sababu. Kabla hujauliza kiwanda uliza huo mkanda uliolegea ulikuwa umelegea tangu lini, na kwa nini uliingia zamuni nao. Kizazi hiki kila kitu ni kosa la aliyetengeneza. Na wewe mwenyewe unasema walitengeneza bure, sasa unataka wafanye nini tena?

FundiChuma:
Mzee shikamoo. Naomba nieleze kidogo kinachotokea ndani manake nadhani hapa watu wanafikiri bastola ilikuwa imelegea au mbovu, hapana. Chukulia umesimama kwenye daladala, dereva akafunga breki ghafla. Daladala limesimama ila wewe unaenda mbele, si ndio? Sasa P320 ya mwanzo triga yake ilikuwa nzito. Bastola ikidondoka ikatua kwa kisogo cha slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, mwili wa bastola unasimama lakini triga yenyewe bado inaendelea na safari kuelekea nyuma, na triga kuelekea nyuma ni sawasawa na mtu ameivuta kwa kidole. Zile sefti za ndani, yaani vizuizi vya usalama, zote zinafunguka kwa sababu zimeundwa zifunguke triga ikivutwa. Hazijui kama kidole kipo au hakipo.

Ndo maana Glock, kiwanda kingine cha bastola, kwenye triga yao wana kile kiulimi kidogo cha katikati, usipokibonyeza chenyewe triga haisogei, na kipo toka Glock 17 ya mwaka 1982. P320 hawakuweka. Njia waliyochukua 2017 ni kupunguza uzito wa triga na vyuma vinavyoenda nayo, ili kishindo kisiweze kuisogeza, na wakaongeza kidude cha kukata mawasiliano kati ya triga na pini kama slaidi haijafunga sawasawa. Ni marekebisho mazuri, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye majaribio. SIG walisema kweli tupu kwamba bastola ilikuwa imefaulu viwango vya Marekani. Ila kiwango chenyewe kinachotumika zaidi kimeandikwa na SAAMI, ambacho ni chama cha watengeneza silaha wenyewe. Unaiangusha kutoka futi 4, kama mita 1.2 hivi, kwenye kipande cha mpira kilicholazwa juu ya zege, kwa mikao sita: mdomo chini, mdomo juu, kwa tumbo, kwa mgongo, ubavu huu na ubavu ule. Ile pembe ya kwenye video haimo. Sasa mtu anaposhuka kwenye gari bastola inachagua pembe? Na chini pana mpira?

KijanaWaKaloleni:
Bro hapo kwenye pembe nipe nafasi nibishe. Pembe ziko nyingi mno, huwezi kujaribu zote. Hata helmeti ya bodaboda inapimwa sehemu kadhaa basi. Ukisema kila pembe ambayo kuna mtu ataigundua baadae ihesabiwe ni uzembe wa kiwanda hakuna atakayetengeneza chochote.

FundiChuma:
Sawa kabisa, ndo maana silaumu kwamba hawakuijaribu hiyo pembe mwanzoni. Nalaumu kilichofanyika baada ya jeshi kuigundua. Hivyo ni vitu viwili. Kutojua ni ajali, ila ukishajua ukaendelea kupakia stoo ileile kwenda madukani hayo ni maamuzi, kuna mtu alikaa kwenye meza akaamua.

DadaWaMinnesota:
Jamani mimi silaha siijui ila mambo ya kisheria nimeyafuatilia kidogo na kuna kitu wengi hawakijui. Marekani kuna tume ya usalama wa bidhaa, wanaita CPSC. Hiyo tume ikikuta kitanda cha mtoto kina kasoro, au kikaango cha umeme, au mdoli, inaweza kulazimisha kiwanda kivirudishe vyote. Lakini silaha haigusi! Sheria iliyoiunda mwaka 1972 iliziacha nje, na 1976 Bunge likaweka mkazo kwamba isiguse kabisa. Kwa hiyo hakuna ofisi hata moja ya serikali kuu inayoweza kusema bastola hii irudi kiwandani. Bunduki ya maji ya mtoto ina msimamizi na bastola ya kweli haina. Niliposoma hilo nilifunga simu nikakaa kimya.

Kwa hiyo kaka yangu Mlinzi ukiuliza kwa nini waliandika "hiari", ni kwa sababu kweli ilikuwa hiari. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwalazimisha.

Kinachobaki ni mahakama, na mahakama inakuja baada ya mtu kuumia.

MzeeWaKambini:
Marahaba fundi. Haya, mfano wa daladala nimeuelewa. Lakini dada, mahakama si inatosha? Mtu akiumia ashtaki alipwe. Na isitoshe nimesikia kwenye hizo kesi za SIG watu wanasema bastola imefyatuka yenyewe ikiwa kiunoni, haijaanguka wala haijaguswa. Hapo mimi siamini. Katika maisha yangu nimewasikia wengi wakisema "afande imejipiga yenyewe", na kila mara kulikuwa na kidole.

KijanaWaKaloleni:
Hapo mzee niko na wewe na naomba tutenganishe hizi habari mbili manake mtandaoni zinachanganywa kila siku. Ya kwanza ni ya 2017, bastola inaanguka inapiga, hiyo haina ubishi, ilionekana kwa macho na ikatengenezwa. Ya pili ni madai yaliyofuata, kwamba hata iliyorekebishwa inapiga ikiwa kwenye mkoba. Hiyo SIG wanaikataa mpaka leo, Machi 2025 walitoa tamko kali kwamba haiwezi kupiga bila triga kuvutwa. Kwenye kesi zingine wameshindwa, Georgia Juni 2024 juri liliamua dola milioni 2.35, Philadelphia Novemba 2024 milioni 11, na milioni 10 kati ya hizo zilikuwa za kuwaadhibu. Kesi zingine wameshinda wao.

Na kumbukeni Julai 2025, kambi ya Jeshi la Anga ya F.E. Warren kule Wyoming, kijana wa jeshi alikufa kwa risasi ya M18. Watu wote tukakimbilia kusema bastola, kamandi yao ikazisimamisha. Agosti mwanajeshi mwenzake akakamatwa kwa tuhuma zikiwemo za kuua bila kukusudia na kutoa maelezo ya uongo, bastola zikakaguliwa zikarudishwa kazini. Kuna siku kweli anayelaumiwa siye.

Mlinzi_wa_Usiku:
Kijana umesema vizuri na hilo la Wyoming ni kweli, hata mimi nilikuwa nimeshahukumu na sikupaswa. Kwa hiyo niwe muwazi, mimi naongelea ya kwanza tu. Ya kuanguka.

Mzee shikamoo kwanza, sijakusalimia. Swali lako la mkanda ni la haki na nakiri, ulikuwa umelegea kama siku nne, niliona, nikasema wikiendi nitanunua mwingine. Hiyo ni yangu na sitaki mtu anibebee. Lakini mzee, mkanda uliolegea adhabu yake iwe ni nini? Kukatwa mshahara sawa. Kufukuzwa kazi sawa. Risasi ya tumbo? Au ya yule mama tuliyekuwa tumepaki karibu na gari lake? Vitu vinaanguka mzee. Mtu anasukumwa, anateleza kwenye ngazi, anapigana na mwizi. Askari wa Stamford bastola yake ilikuwa ndani ya mkoba, amefanya kila alichofundishwa.

Alafu usiniambie haiwezekani kiwanda kufanya vizuri zaidi manake imeshafanyika. 1944, katikati ya vita, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya kiwanda cha Smith & Wesson ilidondoka kwenye sakafu ya chuma ya meli ya kivita ya Marekani, ikapiga, ikaua baharia. Jeshi la majini likawabana, na mwaka ukiwa haujaisha wale watu walikuwa wameshabuni kizuizi kipya cha nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, na kuanza kukiweka kwenye kila bastola. Mwaka huohuo, na vita inaendelea! Kiwanda cha Ruger nao, zile rivolva zao za mtindo wa zamani zilikuwa lazima uache tundu moja tupu chini ya nyundo maana ikianguka inapiga. 1973 wakabadilisha muundo, na baadae wakasema aliye na ya zamani ailete tuibadilishe bure, na mpaka leo wanapokea. Hao hao Ruger 2008 pistola yao ya SR9 ilipokutwa inaweza kupiga ikianguka, waliziita zirudi na wakaiita kazi hiyo kwa jina lake, kurudisha kiwandani. Hawakuiita maboresho.

DadaWaMinnesota:
Hilo la jina ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nikipata barua inasema kiti cha gari cha mwanangu "kinarudishwa kiwandani kwa hatari ya kuua", nakitoa siku hiyo. Nikipata barua inasema "unaweza ukapenda kukiboresha", hiyo barua itakaa juu ya friji mpaka mwaka uishe. Na aliyenunua bastola mkononi kwa mtu, au kwa mnada, barua haimfikii kabisa. Ni kama hizi gari za Japani tunazonunua huko nyumbani zimeshatumika, airbagi mbovu za kampuni ya Takata zimesemwa dunia nzima ila nani amewahi kukupigia simu Dar es Salaam akakwambia ya kwako imo?

Na mzee, kuhusu mahakama: Mei 2025 New Hampshire, ambako ndo makao makuu ya SIG, walipitisha sheria kwamba huwezi kushtaki kiwanda cha bastola kwa hoja kwamba hakikuweka vitu kama sefti ya nje. Huo mlango unaoutegemea unazidi kuwa mwembamba.

KijanaWaKaloleni:
California wana njia ya kati, mimi ndo ninayoipenda. Toka 2001 bastola mpya haiuzwi dukani kule bila kuangushwa kwanza kwenye maabara ya kujitegemea, kutoka mita 1 na sentimita 1, kwenye zege tupu, hakuna mpira. Ukifeli huuzi. Hamna haja ya mahakama wala barua.

FundiChuma:
Zege ni safi. Ila hata wao mikao ni michache, waongeze pembe zaidi za kuinama. Na wawe wanapima upya kila pakitokea tukio, manake kasoro nyingi zinaonekana bastola ikishakuwa mikononi mwa watu elfu.

MzeeWaKambini:
Mmenisogeza kidogo, sijafika mlipo. Bado nasema adabu ya silaha kwanza. Ila hili la jeshi kupewa nzima na raia kuuziwa ile nyingine hata mimi limenikera, nilikuwa silijui. Kambini kwetu bastola ikipiga kwa kuanguka zote za aina hiyo zinafungiwa ghalani jioni ileile, haijalishi ni ya nani. Mlinzi, hiyo ya kwako umeitazama kama imo kwenye orodha ya zilizoitwa?

Mlinzi_wa_Usiku:
Nilitazama namba yake siku ya pili yake, haimo. Lakini zamu yetu ziko sita na tunapokezana, hizo tano sijaziangalia. Kesho nikiingia namuomba msimamizi aniandikie namba zote.

MzeeWaKambini:
Na mkanda?

Mlinzi_wa_Usiku:
Nilinunua asubuhi ileile mzee, kabla sijalala.