Naomba ushauri: kuhamisha kundi letu la programu kutoka WhatsApp

Jambo wandugu wote. Niko Bukavu, Kadutu. Ninasimamia kundi la vijana wanaojifunza Python na PHP, lugha za kuandikia programu za kompyuta, na sasa WhatsApp imetuelemea. Tumekaribia kikomo cha watu 1,024, na swali likiulizwa asubuhi, jioni limeshafukiwa na salamu na picha. Jibu zuri la juzi halipatikani tena. Hilo linaniuma kweli, maana aliyelitoa alijinyima usingizi.

Nilijaribu Slack, programu ya mazungumzo ya vikundi, lakini bila kulipa, ujumbe uliopita siku 90 hauonekani. Tukafungua kundi la Telegram. Wale ambao mega zao ni za WhatsApp tu wakabaki, tukagawanyika. Sasa naifikiria Zulip, nayo ni programu ya mazungumzo, kwa sababu kila mazungumzo hukaa chini ya mada yake, au Discourse, jukwaa la majadiliano la mtandaoni ambalo mtu anaweza kujibu hata kwa barua pepe.

Kwa simu ndogo na intaneti ya kusuasua, ipi itatufaa kati ya hizo mbili? Na ninyi mliokwisha kuhama, mlifunga kundi la zamani siku hiyo hiyo au mliliacha wazi kwa muda?

Aksanti sana.