Naomba ushauri: sayansi gredi ya 7 bila maabara

Walimu wenzangu, nafundisha sayansi huku Kayole, Nairobi. Tangu sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) ianze 2023 tuko kwenye madarasa ya shule ya msingi, bila maabara, na wanafunzi wangu ni 68.

Wiki jana tulichemsha kabichi ya zambarau. Nilipodondoshea maji yake ndimu yakawa mekundu. Kwenye kikombe kingine magadi yakayageuza kijani. Darasa zima likasimama! Hata binti mmoja ambaye hafungui mdomo aliuliza kwa nini.

Sasa nimefika kwenye umeme, nina betri mbili na balbu moja. Sitaki kurudia kuchora ubaoni, maana karibuni watachagua mkondo wa masomo wa gredi ya 10. Mnagawaje vikundi ili kila mtoto aiwashe balbu mwenyewe? Na nyaya za bei nafuu mnanunua wapi, soko la Gikomba au barabara ya Luthuli?